Mshenga wa Radi ya Momba

Bango lililotundikwa ukumbini Tunduma lilimtaja Danford kuwa mwanzilishi na mtunzi wa Radi ya Momba. Yudita alilisoma mara mbili. Yeye alikuwa mpiga besi wa bendi ile tangu siku ya kwanza. Mtunzi, Nesta, alikuwa kaburini Ileje, mwaka wa tatu sasa.

Walianza wakiwa wanawake wanne kutoka kwaya moja, magitaa yao yamenunuliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wenye kumbi waliwacheka, wakawauliza vyombo vikiharibika atawajibika mume wa nani. Ndipo Marita, mpiga ngoma, alipotoa shauri lililoonekana la busara: binti hajisemei posa, basi nao watafute mshenga. Wakamchukua Danford, binamu yake Nesta, mwenye sauti nzito na suti moja. Akawasemea, akatia saini kila walipoambiwa kuwa saini ya mwanamke haitoshi. Haikupita miaka miwili, Radi ya Momba ikawa inajaza viwanja kutoka Vwawa hadi Chitete, na wasichana wakinyoa kiduku kama Nesta. Saini zile hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha.

Sasa mkoa ulikuwa unaienzi bendi. Katika safu ya mbele aliketi Bibi Enesi, mama yake Nesta, aliyeteremka milimani tangu alfajiri.

"Mwanangu watamtaja saa ngapi?" alimuuliza Yudita.

Yudita aliinuka. Alimfuata Danford nyuma ya jukwaa na kumtaka arekebishe jambo lile kabla halijatangazwa.

"Dada, bila mimi mngekuwa mnaimbia masufuria," Danford alisema, akinyoosha tai.

"Mshenga hula pilau akaenda kwao, Danford. Haendi kulala na bibi harusi."

Alicheka tu. Akaitwa, akapokea ngao, akaeleza jinsi alivyokesha akitunga. Kisha Yudita akaombwa apige wimbo mmoja wa kumpongeza. Alipanda, akaliweka gitaa chini, akashika kipaza sauti.

"Wazee, mshenga akishasema, binti huitwa akaulizwa: huyu unamtambua? Sisi hatujaulizwa hata siku moja. Leo najibu. Kama mtunzi, simtambui. Nyimbo zote ni za Nesta, binti wa Enesi."

Kipaza sauti kikazimwa. Akalirudia jina kwa koo tupu, mara tatu, mpaka sauti ikapasuka.

Bibi Enesi aliinuka, akamwendea Danford, mtoto wa kaka yake, na kumnyooshea mikono miwili. Shangazi hanyimwi mbele za watu. Danford akamkabidhi ngao. Bibi kizee akapapasa maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Yudita, nisomee. Limeandikwa jina la nani?"

Ilikuwa rahisi kumdanganya, na watu wengi mle ukumbini wangeshukuru.

"La Danford, mama."

Bibi Enesi akairudisha ngao mikononi mwa Danford, akavuta kiti cha mgeni rasmi na kuketi.

"Waambieni wakaandike upya," alisema. "Nitangoja hapa."