Mswaki wa Raheli

Kila alfajiri Raheli alikalishwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akafunguliwa mdomo na binti yake wa kumzaa, akasuguliwa meno. Mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza pale Kintinku miaka thelathini na mmoja! Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, Yunisi ndiye aliyeshika mswaki. Alisugua kwa huruma nyingi na haraka nyingi, povu likimchuruzika mama yake hadi shingoni. Lakini kilichomkera Raheli hasa si povu. Ni Laurian, mkwewe, ambaye njia yake ya kwenda kwenye mashine ya kusaga ilipita hapo hapo. Mama mkwe hali mbele ya mkwe, seuze kukaa kinywa wazi! Alijiona amevuliwa nguo.

Ndipo mjukuu wake Ritha alipotuma mswaki wa umeme kwa basi kutoka Dodoma. "Unasugua wenyewe, bibi," alisema kwenye simu. "Kazi yako kuushika tu."

Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Laurian alikisoma chote, akakirudisha kwenye boksi, akanyamaza. Angeanzaje kumweleza mama mkwe habari za kinywa chake? Basi Jumapili Raheli akapaka dawa, akabonyeza kitufe mswaki ungali hewani. Loo! Dawa iliruka huku na huku, ikatua kwenye shati jeupe la Laurian, aliyekuwa anatoka kwenda ibadani. Kwa mshtuko Raheli akautumbukiza mswaki mzima kwenye beseni, nao ukaendelea kunguruma humo humo.

"Mama! Umeme na maji? Unataka tukuzike?" Yunisi akaunyakua, akaupandisha juu ya kabati.

Raheli akamkazia macho. "Sawa. Na mimi basi nafunga mdomo."

Akaufunga kweli. Jumatatu Yunisi alibembeleza, Jumanne akagomba, Jumatano akalia. Uji ulipita, mswaki haukupita. Kinywa kilimnuka, mwenyewe alikisikia, akaona aibu, na bado hakukubali. Alikuwa radhi meno yadondoke yote, mradi yadondoke yakiwa yake.

Alhamisi Laurian akasimama upande wa pili wa ukuta, mgongo kaugeuzia kwao.

"Mama Ritha," aliita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie mama, kitufe kinabonyezwa mswaki ukiwa umeshaingia mdomoni. Asikandamize. Kuchaji ni chumbani, mbali na maji. Akimaliza achomoe kile kichwa, akioshe peke yake, mpini aufute, vyote vikauke vimesimama. Na kichwa chake asitumie mtu mwingine."

"Na wewe umeshakuwa upande wake?" Yunisi aling'aka.

"Mwambie pia kwamba alistahili kuambiwa mapema. Kosa ni langu."

Raheli alikuwa ameshanyoosha mkono wa kushoto. "Umemsikia mumeo. Lete."

Mkono ule haukuizoea kazi hiyo. Mswaki ukagonga shavu, ukagonga pua, ukapata mdomo, ndipo akabonyeza. Aliyasugua yote, moja moja, hata magego, wala hakuharakishwa na mtu. Kuchomoa kichwa ndiko kulikomtoa jasho. Aliubana mpini katikati ya magoti, akavuta, ukateleza, ukaanguka chini. Yunisi akainama.

"Uache!"

Akauokota mwenyewe. Akavuta tena na tena, hadi kikatoka. Chini yake kulikuwa na utando mweupe wa dawa ya Jumapili, akausuuza mpaka ukaisha. Yunisi alisimama tu, mikono haijui iende wapi, machozi yanamlengalenga.

"Kesho usiamke kwa ajili yangu," Raheli akamwambia. "Lala, mwanangu."

"Sasa asubuhi nitakufanyia nini, mama?"

"Utanipa shikamoo yangu," alisema Raheli. "Tangu nianze kufunguliwa mdomo, sijaisikia."