Feni Iliyomjibu Mwenyekiti

Ulipita. Usinitolee macho, ulipita. Nyumba yangu inavuma, barabara nzima inasikia, nawe ukageuzia shingo kwenye mihogo kana kwamba mihogo ndiyo inayovuma.

Kilichokuwa kinavuma ni kompyuta. Niliinunua Kasulu, shirika moja lilipofunga ofisi na kuuza vyake kwa bei ya chuma chakavu. Haizimwi mchana wala usiku. Imetunza sauti za wazee kumi na mmoja wakieleza mpaka wa bonde letu, unapoanzia kwenye mwamba mweupe mpaka unapoishia kijitoni. Watatu kati yao tumeshawazika. Ramani ya kijiji, anasema mwenyekiti wetu Gharibu, ililiwa na mchwa. Mchwa wa ajabu hao: walikula ramani wakaacha jalada, na msimu uliofuata maharage ya Gharibu yakaota katikati ya bonde. Wewe ulikuwepo mkutanoni alipolisema hilo. Ulipiga makofi. Ulivaa shati la kijani.

Sasa ile feni ya kuipoza. Ilizunguka kwa nguvu zote hata kompyuta ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Jirani yetu Vestina akaja na debe la mahindi kichwani, akasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, shemeji. Mnasaga dona tu au na sembe?"

Mke wangu Esteri hakucheka. "Baba Winnie, chagua leo. Dubwana hili au mimi."

"Mama Winnie, ndani yake mna sauti ya marehemu baba yako."

"Baba hakuwahi kunipigia kelele hivyo."

Nikakaa siku nne na video za mtandaoni, nikaandika programu fupi: kila sekunde kumi ipime joto la ndani, likiwa chini, feni iende polepole, likipanda, iongeze kasi. Nikaiita Ceceka, yaani nyamaza, neno ambalo Gharibu amenitupia vikaoni tangu Kakonko haijawa wilaya. Mara ya kwanza nilipunguza mno, feni ikasimama na haikuanza tena. Feni kuukuu haianzi kwa kubembelezwa. Inasukumwa kwanza kwa nguvu, ikishika ndipo unailegezea. Kama nyie tu.

Siku ya tano nyumba ikatulia mpaka tukamsikia kuku akijikuna uani.

Kwa furaha Esteri akaitoa kompyuta chumbani, akaiweka sebuleni pa heshima, akaivika kitambaa cheupe cha kufuma kilichoshuka mpaka chini, na juu yake maua ya plastiki. Ndivyo tunavyotunza cha thamani: tunakifunika kisipumue. Nilimwona, sikutaka ugomvi mwingine, nikanyamaza. Kosa langu.

Jana saa nne asubuhi Gharibu akapiga hodi, akakaa palepale kando ya maua.

"Nasikia una sauti za wazee," akasema kwa upole wa mtu anayeazima chumvi. "Zilete ofisini zihifadhiwe."

"Zihifadhiwe na mchwa gani?"

"Usinikosee adabu. Mimi ni mwenyekiti..."

Chini ya kitambaa: vuuu.

Akapandisha sauti. "Mwenyekiti halali wa kijiji hiki..."

Vuuuuu.

"Na kumbukumbu zote za kijiji ni..."

Joto lilikuwa limefika juu, feni ikafungulia yote. Kitambaa kikatuna kama gauni la bibi harusi, ua moja likamwangukia Gharibu mapajani. Esteri alikuwa mlangoni na chai. Akasema kwa adabu zote, "Mwenyekiti, nadhani linakuambia ceceka."

Gharibu akafunua kitambaa. Akakitazama kile chuma kirefu.

"Kumbe ndiyo hii. Haina kibali. Ijumaa nakuja na mgambo kuichukua."

Chai aliimaliza lakini.

Leo ni Jumatano. Kitambaa nimekitoa, feni inanong'ona tu. Sauti zote kumi na moja zinaingia kwenye simu yako kwa dakika sita, hata ile yenye kioo kilichopasuka. Akichukua chuma changu, achukue chuma kitupu. Sauti zenyewe azikute kwenye simu mia mbili, aone ataziitia mgambo wangapi. Weka jembe chini. Usiseme kesho. Njoo kwangu sasa hivi unakili, na ukitoka mrushie mwenzio kabla hujafika barabarani.