Alitaka Mahali Patupu

Kitu cha kwanza nilichoona ni mkono wake wa kushoto. Jicho moja lilikuwa nyuma ya kamera, lingine amelifumba, na ule mkono ulikuwa ukitupungia tusogee, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Alikuwa hajatusalimu.

Gari lao lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Namanga, chini kidogo ya boma letu, mbele ya Bisil. Ilikuwa Agosti, likizo ya shule, mwaka uliofuata ule ukame mkubwa. Mkewe alikuwa amekaa ndani ya gari, miguu nje, akila chungwa.

Yeyo, mama yangu, alikuwa amesimama karibu na mlango wa zizi pamoja na mbuzi. Mimi nilikuwa nimebeba kuni.

"Wewe msichana, unaskia Kiswahili?" mwanamume aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali. Shule niliiacha darasa la tano, baba alipofariki, lakini Kiswahili nilikimalizia kwenye soko la Bisil nikiuza maziwa.

"Mwambie mama asonge na hizo mbuzi. Nataka huu mlima, na hapa mbele pakae tupu. Bila mtu."

Ni lazima nieleze neno hilo, "tupu", lilimaanisha nini kwetu. Aliyepiga picha za watu tulimwita mgeni. Aliyepiga picha ya ardhi bila watu tulimwita broka, dalali wa mashamba. Mzee Lemein, jirani yetu, alihama na ng'ombe wakati wa ukame kutafuta majani upande wa Tanzania. Aliporudi alikuta waya na nguzo za simiti. Picha ya ardhi yake ilikuwa imebandikwa kwenye dirisha la ofisi moja huko Kitengela, na ndani yake hapakuonekana hata ndama. Waliomuuzia mnunuzi walisema mahali palikuwa patupu.

"Anasema nini?" Yeyo aliniuliza kwa Kimaa, lugha yetu. Kiswahili hakijui hata kidogo.

Nikamwambia: anataka mahali hapa bila sisi.

Yeyo alishika fimbo yake, akakaa chini pale pale mlangoni mwa zizi, akanyoosha miguu.

"Ai, sasa anakaa?" yule mwanamume alisema. "Phylis, unaona huyu mama? Nimesema songa, anakaa!"

"Baba Sheryl, achana nao. Milima ni mingi," mkewe alimjibu kutoka garini.

Ndipo Kasaine alipotokea, kaka yangu. Baba alipofariki, shamba letu lilitoka na jina la Kasaine kwenye cheti, kama ilivyokuwa desturi, lakini aliyekuwa akilishikilia ni Yeyo. Alishawafukuza wanunuzi kwa fimbo. Alisema hapo ndipo alipomzika mumewe na hapo ndipo atakapozikwa.

Kasaine alishuka kwa haraka, rungu mkononi.

"Nani amekutuma?"

"Nani anitume? Naitwa Wakhungu, mimi ni mwalimu. Tuko likizo, tunaenda Namanga. Napiga mlima."

"Mlima iko juu. Hiyo kamera yako inaangalia chini."

"Kumbe wewe ndiyo utanifundisha kupiga picha?"

"Unatoka wapi?"

"Kitengela."

Kasaine alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Kitengela kwa nani?"

"Kwangu. Nimejenga."

"Umejenga kwa nani, nauliza? Hiyo ploti ilikuwa ya nani kabla ya wewe kutoka huko kwenu na sufuria ya ugali?"

"Nilinunua na title deed! Kama mzee fulani alikunywa pesa yake, mimi nahusika wapi?"

"Baba Sheryl!" mkewe aliita. "Ingia kwa gari."

Yeyo alikuwa akimtazama mwanawe kama anayemwona baba yetu amefufuka. Hata neno moja hakulielewa, ila alisikia ile sauti.

Kisha Kasaine akamsogelea yule mtu hadi vifua vyao karibu vigusane. Akashusha sauti, akasema haraka kwa Kiswahili, mgongo ameugeuzia Yeyo:

"Mwambie Wanyoike tuliongea vizuri. Picha ni siku mama akienda kliniki Kajiado. Mnakujaje na yeye akiwa nyumbani?"

Wakhungu alimkodolea macho. "Wanyoike ni nani?"

Nilimwona Kasaine akilipima jibu hilo. Alimtazama yule mtu usoni, akalitazama gari na maganda ya machungwa yaliyotapakaa chini, akajua kwamba amesema na mtu siye. Halafu akageuza shingo, akanikuta mimi na kuni zangu.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kelele. Alimpokonya Wakhungu kamera, akakipiga kifuniko cha nyuma mpaka kikafunguka, akauvuta ule utepe wa filamu wote juani, mkono baada ya mkono, kama anayetoa utumbo wa mbuzi. Alipiga mayowe kwa Kimaa kwamba wezi wamekuja, wezi wa ardhi, na kwamba yeye angali hai.

Phylis alitoka kwenye gari mbio. "Kuna picha za mama yangu hapo! Alikufa mwezi uliopita! Wewe mnyama, ulikuwa unataka nini na picha za mama yangu?"

Alipiga magoti, akawa anauviringa ule utepe kwenye kanga yake, kana kwamba giza lingeweza kurudi ndani. Mumewe alimnyanyua. Kasaine alikuwa ameinua rungu.

"Kaeni na mawe yenu," Wakhungu alisema akifunga mlango. "Nani mwenye akili atanunua jangwa?"

Gari lilipoondoka, Yeyo aliinuka. Kasaine aliinamisha kichwa mbele yake, kama mtoto anavyomwinamia mama, naye akamwekea kiganja utosini, akamtemea mate ya baraka, akamwambia sasa anaweza kulala bila hofu, kwa kuwa nyumba ina mwanamume.

Jioni Kasaine alinifuata nikikamua.

"Wewe uliskia nini?"

"Sikuskia."

"Endelea hivyo hivyo. Msichana anayeskia sana huolewa mbali."

Yeyo alipokwenda kliniki kupimwa macho, Wanyoike, yule broka, alikuja na kamera yake. Siku hiyo palikuwa patupu kweli, kwa sababu Kasaine alinituma kisimani na mbuzi wote. Mvua iliyofuata ilitukuta tumeshaondolewa shambani, tuko Isinya, katika chumba cha mabati nyuma ya shamba la maua ambako ninafanya kazi ya kukata waridi. Kasaine alimweleza Yeyo kwamba ile mashine hubaki na picha hata ukiitoa filamu yake, na kwamba yule mwalimu alikwenda nayo ofisini akapewa shamba. Yeyo aliamini. Kwa nini asiamini, naye alimwona Lemein?

Sasa Yeyo ni mzee. Kila asubuhi, kabla ya chai, hutoka nje, hugeukia upande wa Bisil, na kumlaani yule mtu wa kamera, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Kasaine akija na sukari, humbariki. Mimi hukaa katikati yao nikimimina chai, na nimekuwa nikikaa hivyo mpaka nikaolewa, nikazaa, nikarudi.

Yeyo, yule mwalimu alitaka mlima tu. Aliyetuuza ni Kasaine.