Sponji ya Kofia

Mwanamke aliiweka kofia juu ya cherehani.

“Shoga, nitolee hii sponji. Ibaki kofia ya kawaida, ya kuvaa shule.”

Fundi aliishona mwenyewe, hiyo na ya bintiye, kwa kipande kimoja cha godoro, enzi zile watoto wao walipokuwa wakianguka kifafa kliniki na mama zao wakicheka ili wasilie. Kila dawa ilishindwa kwa wote wawili. Daktari akawaeleza: kuna seli za ubongo zilizojengeka vibaya tangu tumboni. Hizo huzichokoza nyingine mpaka kichwa kizima kinawaka. Zikikatwa, huenda mtoto akapona.

“Hajaanguka tena?”

“Thubutu! Jana kapanda baiskeli. Mie nyuma nakimbia kama kichaa.”

Fundi alitabasamu kwa meno tu. Alimwona mtoto juu ya baiskeli. Akamwona akianguka. Aliifukuza picha hiyo, ikarudi.

Siku ile, kwenye foleni ya upasuaji, wa kwanza alikuwa bintiye. Alikwisha kunyolewa. Muuguzi akaja kusema avalishwe nguo zake.

“Mmesogezwa.”

“Na nani?”

“Mama, mambo ya juu usiniulize mimi.”

Kitanda kingine kikapita. Juu ya blanketi palikuwa na kofia. Mshono wake aliujua. Mkubwa wa hospitali ni shemeji wa shoga yake. Baadaye daktari pekee wa upasuaji huo akahamia hospitali ya kulipia. Foleni bado ipo, na bintiye bado ni wa kwanza.

“Zamu yenu itafika tu,” mwanamke alisema.

“Shemeji yako kasema hivyo?”

“Usianze, shoga. Ungekuwa wewe, ungekataa?”

Fundi alifumua mshono. Jibu alikuwa nalo: asingekataa. Akauchomoa uzi, sponji ikatoka.

Kishindo kikatoka nyuma ya pazia. Walikimbia wote wawili. Fundi alimlaza bintiye ubavu. Mwanamke akakikinga kichwa kwa viganja, kwa uzoefu, mpaka mitetemo ikaisha. Kofia ya mtoto ilikuwa imechanika upande, sponji yake imelika.

“Pole, shoga.” Mwanamke alifuta mikono kwenye gauni, akachukua kofia yake nyepesi, akaondoka.

Fundi aliiokota sponji iliyobaki mezani. Bado ilinukia mafuta ya nywele ya mtoto wa mwenzake. Akaisukumiza ndani ya kofia ya bintiye.

Iliingia sawasawa, kana kwamba alikatiwa yeye.