Taa ya Kipajini

Haya nalihadithiwa na Mwanamkisi, jirani yake Bi Thuwaiba, Ijumaa ya mwisho ya Mfungo Sita, tukisuka ukili barazani kwangu.

Alisema asubuhi moja Bi Thuwaiba alikuwa akikaanga mahamri kwake Chundwa, na mumewe, Bwana Muhdhar, akipangusa gari lake. Gari lina miaka kumi na tisa na viti vya ngozi. Mkubwa mmoja wa Nairobi alilichoka, Muhdhar akalipenda, likavushwa hadi Pate juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa mbao. Tangu lifike lilikuwa limekwenda Mtangawanda, kwenye gati ya boti, mara nne na kurudi lenyewe mara mbili. Zile nyingine lilivutwa na punda. Kila likisimama, mifuko yake ya hewa huvuja, likalala tumbo chini kama mbuzi mwenye mimba. Muhdhar hulifunika turubai, akasema limepumzika. Paa la nyumba nalo lilivuja. Hilo halikupata turubai.

Mbele ya usukani iliwaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini. Ilimkera Muhdhar, akaibandika selotepu nyeusi. Kesho yake taa ile ikawaka kwenye kipaji cha uso cha Bi Thuwaiba.

"Thuwaiba, una taa kitwani," alisema Mwanamkisi, aliyekuja kuomba chumvi.

"Naijua. Chumvi i juu ya kabati, itafute mwenyewe, mimi siioni."

Hakuiona kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia lilikuwa likilifuata. Madaktari wa macho walikuwa waje Lamu kwa siku tatu, wasirudi tena mpaka mwaka mwingine. Harith, kijana wa pikipiki, alijitolea kumpeleka gatini. Muhdhar akakataa.

"Mke wa mwenye gari apande pikipiki? Takupeleka mwenyewe, ukae nyuma kama bibi harusi."

Siku ya kwanza gari halikuwaka. Siku ya pili liliwaka, likazima mlangoni. Siku ya tatu, ya mwisho, lilifika katikati ya ndia ya Mtangawanda, likapiga magoti.

Harith alipita, akaenda kumleta fundi Phineas, mtu wa bara mwenye mashine ya kusoma magari. Phineas aliichomeka garini, ikanyamaza. Akaigusisha kipaji cha Bi Thuwaiba, ikasoma upesi.

"Mzee, inasema hivi. Macho, haraka. Jino moja. Mapumziko, yamechelewa kwa miaka kumi na moja."

"Nimekuuliza mke mimi? Nimekuuliza gari."

"Hii gari ni pampu ya hewa. Utaipata Mombasa, ya kuchomolewa kwa gari lingine lililokufa."

Pikipiki ya Harith ilibaki na nafasi ya mtu mmoja, na boti ya Lamu ilikuwa karibu kuondoka. Muhdhar aliifunga pampu mbovu kwa leso ya mkewe, akapanda, akaipakata.

"Wewe kaa na gari, mbuzi wasitafune viti. Na hiyo taa yako itafaa, watu wasije wakaligonga."

"Na mato yangu? Madaktari waondoka leo."

"Mato yako hayendi popote, Thuwaiba. Boti yaenda."

Lamu, Muhdhar alikuta foleni ya wagonjwa wa macho. Alipita katikati yao akiomba ndia, asije mtu akagonga pampu.

Bi Thuwaiba alikaa kwenye viti vya ngozi siku tatu. Mwanamkisi alimpelekea wali. Wapita ndia walimsalimu, wakasifu taa kwamba yaonekana mbali.

Siku ya nne ya kungoja, Muhdhar alirudi, pampu ikafungwa, gari likainuka.

"Ile taa ya mama bado inawaka," alisema Phineas.

"Gari laenda?"

"Linaenda."

"Basi."

Walifika nyumbani adhuhuri. Baada ya chakula Muhdhar alijinyoosha kitandani, mwanga ukampiga usoni. Akainuka, akakata selotepu nyeusi, akaibandika kwenye kipaji cha mkewe na kuilainisha pembe kwa kidole gumba.

"Sasa huna kasoro," alisema, akalala.

Nje, chini ya turubai, gari lilianza kushuka polepole. Bi Thuwaiba alipapasa sahani moja moja, akaziosha zote. Kisha akajilaza upande wa ukutani, selotepu ikiwa na moto kidogo kwa taa iliyo chini yake, akalala.