Koti Lililougua Surua

Jumanne asubuhi, mashine ya kahawa kwenye ukumbi wa zahanati ya Valdora ikikoroma kama kawaida yake, koti jeupe la mkunga Mirella liliota vipele. Vilianzia kwenye ukosi, na kufikia adhuhuri mikono yote miwili ilikuwa myekundu. Nesi Nives, aliyekuwa kwenye zamu ya chanjo, aliligusa akakuta lina homa kali.

"Surua," alisema. "Livue. Humu mna watoto."

Mirella alilitundika kitini, akaendelea na kahawa yake.

Chanjo ni sheria, na mikutanoni Mirella huitikia kwa kichwa kama wenzake. Lakini yeye ndiye aliyewazalisha kina mama wa bonde zima, na wakitoka kwa daktari humfuata hapo penye kahawa wamuulize pembeni: wewe ungefanyaje? Naye huwajibu.

Giada alifika na mwanawe Elia, aliyetimiza mwaka. Bianca, dada yake Elia, alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Kwa sababu ya matibabu hayo yeye hachanjwi, na surua ikiingia nyumbani mwao inamuua. Hilo halikuhitaji mjadala, na Nives alikwishaandaa sindano.

"Sheria ni sheria, mwanangu," Mirella alimnong'oneza Giada. "Ila angekuwa wangu, ningengoja apate nguvu kidogo."

Elia alikuwa akinyonya mkono wa koti.

"Mirella, hebu koma!" Nives alifoka. "Mtoto ameshalishika! Achanjwe leo hii, huenda tukawahi. Bianca je?"

"Kwani nimemkataza? Nimesema angoje."

Dokta Zorzi alilipima koti joto, akaagiza lilazwe gizani na lipanguswe kwa maji ya uvuguvugu. "Kuhusu yule mama," alisema, "mimi si polisi." Nives alitamani kummwagia kahawa.

Giada akaenda zake, Elia hajachanjwa. Koti alilipangusa Nives, maana nani mwingine angejisumbua?

Juma la pili vipele vilikauka, homa ikashuka. Giada alipita tena kuuliza kama bado angoje. Mirella alilivaa koti, akafunga vifungo, akageuka ili alione hadi mgongoni.

"Unaona, mwanangu? Limepona lenyewe. Bila sindano."

Giada alishusha pumzi, akamshukuru. Nives alipotoka mbio hadi mlangoni, gari lilikuwa limeshaondoka. Ndani alikuwamo Elia, macho mekundu, makamasi yakimtiririka tangu jana, akirudishwa nyumbani alikokuwa Bianca.