Mkono wa Fundi

Daktari wa magonjwa ya akili hakutulia kitini asubuhi ile. Alikaa, akainuka, akachungulia benchi la wagonjwa, akarudi kwenye faili lile lile. Fundi cherehani alikuwa amekosa kliniki mara mbili, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuchelewa hata dakika.

Saa nne mke wa fundi akapiga simu. "Daktari, leo siku ya nne hajalala. Anakata vitambaa vya watu ovyo. Nikimsogelea anakuwa mbogo."

"Usibishane naye. Nakuja."

Akawaachia wenzake kliniki, akaondoka na muuguzi, mama wa makamo asiyemung'unya maneno. Walimkuta fundi dukani, redio inapiga kelele, vipande vya nguo vimetapakaa mpaka mlangoni, na mezani shati lenye mikono minne.

"Karibu daktari! Nitawashonea hospitali nzima, bure!"

Daktari aliomba ruhusa, akazima redio, akakaa kwenye kigoda. Fundi akasema, akasema tena, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Goti la daktari lilikuwa likicheza. Akalibana kwa kiganja, akasikiliza. Alipopata upenyo akauliza, "Dawa uliacha lini?"

"Mwezi sasa."

"Kwa nini?"

Fundi akaweka mkasi chini. Akanyoosha mkono wa kulia. "Zilikuwa zinautetemesha. Fundi gani anatungiwa uzi na mkewe? Wateja wakaanza kunong'ona eti nimekuwa mlevi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliuliza usingizi, ukauliza chakula. Nikakujibu."

Maneno hayo yalimchoma daktari, maana faili lilijaa mwandiko wake mwenyewe: *anaendelea vizuri*.

"Hilo kosa langu," akasema. "Twende wodini, tutafute dawa itakayokuachia mkono wako."

"Mkanifunge kamba?"

"Kamba tutoe wapi?" muuguzi akadakia. "Hata za kuanikia mashuka hazitoshi!"

Fundi akaangua kicheko. Mkewe akamsogezea viatu upesi, kabla hajageuza mawazo, naye akatoka kwa miguu yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Alimtukana muuguzi, akarusha kikombe, akaomba radhi, akarusha kingine. Dawa ilibadilishwa, kipimo kikapandishwa taratibu. Kila asubuhi daktari alimpitia kabla hata hajaweka mkoba chini, amwone akinyoosha vidole. Siku ya kumi na nane, vidole vikiwa vimetulia, akamruhusu kurudi nyumbani.

Kliniki iliyofuata fundi alikuja mapema, na lalamiko jipya. "Hii nayo inanitia njaa, daktari. Mke wangu anaficha sufuria!"

Daktari alicheka, lakini akaliandika. Kisha akamwita aliyefuata, kinyozi aliyekuwa mgonjwa wake kwa miaka mingi, akamwuliza habari za kazi yake. Kinyozi akashangaa, akajikuna kidevu, akaanza kueleza. Nje, benchi likaanza kunung'unika.